Rambirambi za Mama Getruda

Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025. Ukungu ulikuwa umeikalia Songea tangu alfajiri, na baridi ilikuwa ile ya kuwafanya watu wasalimiane mikono ikiwa kwapani. Kule Mshangano mahindi yalisimama makavu mashambani yakisubiri kuvunwa, na hata majogoo walichelewa kuwika. Mwalimu Lukresia alishuka kwenye bajaji mbele ya lango la chuo saa mbili kasoro, akajifunga khanga mabegani juu ya sweta, akasimama pale pale kwa muda, kama mtu aliyefika mapema kuliko alivyotaka.

Alikuwa na miaka arobaini na saba. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa akisoma shahada ya uzamili jioni, siku nne kwa wiki, akitoka kuwafundisha watoto wa darasa la tano. Na kwa muda wote huo alikuwa akipita mbele ya mlango mmoja uliobandikwa karatasi: HUDUMA KWA WANAFUNZI WA UZAMILI. Chini yake yaliorodheshwa mambo: ushauri nasaha, msaada wa kuandika kwa Kiingereza, msaada wa takwimu, maombi ya kuongezewa muda, chumba cha wenye watoto wachanga. Kila alipopita aliisoma karatasi ile kwa pembe ya jicho, kama mtu anavyosoma tangazo la dawa ya ugonjwa alionao. Hakuwahi kugonga. Yeye ndiye aliyewaambia watoto kila siku, "Asiyeelewa anyooshe mkono." Mkono wake mwenyewe ulikuwa mzito.

Asubuhi hiyo aligonga, kwa sababu Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kuwasilisha pendekezo la utafiti, na asiyewasilisha alifutwa kwenye usajili. Yeye alikuwa na kurasa nne. Kurasa hizo hizo nne zilikuwa zimerudishwa na msimamizi wake mara tatu, na mara ya tatu hakuandika maneno mengi. Aliandika tu kwamba Kiingereza hiki hakieleweki.

"Karibu mwalimu, karibu, funga mlango baridi isiingie," alisema mama aliyekuwa mezani. Alikuwa Bi Zabibu, mratibu wa huduma zile, mtu wa Tunduru mwenye ushungi wa kijani na miwani iliyofungwa kwa uzi. "Baridi ya kwenu hii. Sisi tuliozaliwa kwenye mikorosho itatumaliza."

"Nimekuja kuomba kuongezewa muda, dada."

"Hilo ni dogo. Jaza hapa."

Fomu ilikuwa ya ukurasa mmoja. Sababu zilikuwa nne, kila moja na kisanduku chake: ugonjwa, uzazi, msiba, nyingine. Mbele ya neno "nyingine" waliandika "eleza", ikafuatiwa na mistari mitatu mitupu.

Lukresia aliitazama mistari ile. Angeeleza nini? Kwamba mama mkwe wake alivunjika mguu mwezi wa pili, akateleza kwenye utelezi wa kisimani, na tangu hapo yeye ndiye anayemwogesha, anayemgeuza, anayemwaga ndoo? Kwamba akikaa mbele ya kompyuta, maneno ya Kiingereza humkimbia kama kuku waliorushiwa jiwe? Kwamba mwalimu wa miaka ishirini na mbili kazini analia juu ya sentensi moja? Mistari mitatu haikutosha, na papo hapo ilikuwa mingi mno. Ugonjwa ulitaka barua ya hospitali. Msiba haukutaka kitu, kwa maana hakuna anayemdai mfiwa ushahidi.

Baadaye alijiambia kwamba kalamu ilikwenda yenyewe. Haikuwa kweli. Aliisukuma.

Bi Zabibu alipoisoma fomu alivua miwani. "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun. Pole, dada yangu. Nani?"

"Mama mkwe."

"Jina lake, niandike?"

Hapo bado angeweza kurudi nyuma. Mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake. "Getruda," alisema. "Getruda Komba."

"Mmeshazika?"

"Jana. Kwao, Mbinga."

"Mlipendana naye?"

"Alinipenda," Lukresia alijibu, na machozi yakamtoka kweli kweli. Bi Zabibu aliyaona akayachukulia kuwa ya kufiwa.

Alipewa wiki nne. Akiwa tayari ameshika kitasa, Bi Zabibu alimwita. "Na nikwambie kitu, mwalimu. Ukishatulia, njoo Jumanne. Kuna mwalimu wa Kiingereza anakaa hapa na wanafunzi, mmoja mmoja, sentensi kwa sentensi. Watu wazima wengi wanaona haya. Huduma za hapa hazimtaki mtu awe amefiwa."

Lukresia aliitikia kwa kichwa. Maneno yale yangefika dakika kumi mapema, yangemwokoa.

Jioni hiyo alirudi nyumbani jua halijazama. Mfiwa hahudhurii darasa. Mama Getruda alikuwa amekaa kwenye kigoda barazani, mguu mmoja ameunyoosha, gongo limeegemea ukuta. Alikuwa na miaka sabini na nane, na macho yake yaliona mbali kuliko karibu.

"Ee! Leo umerudi mchana! Umefukuzwa?"

"Hapana, mama. Wamenipa mapumziko. Wiki nne."

"Wiki nne!" Bibi alipiga makofi mara moja. "Nilisema mimi. Nilimwambia Otto, chuo hicho kina watu wenye utu, wataona huyu mtoto amechoka. Kumbe wameona. Mungu awabariki. Jina lake nani huyo aliyekuonea huruma, nimweke kwenye Rozari?"

"Anaitwa Zabibu."

"Mwislamu? Hata yeye nitamweka. Baraka haiulizi dini."

Otto, mumewe, alikuwa nyuma ya nyumba kwenye karakana yake ya useremala, akipiga randa mlango wa mtu. Alisikia habari ya wiki nne, akasema "Vizuri," akaendelea na randa. Otto alikuwa mtu wa maneno machache. Waliozoea kumtania walisema maneno yake hupimwa kwa futi kamba.

Baada ya chakula cha jioni wakasali Rozari wote watatu, kama ilivyokuwa kawaida ya nyumba ile. Ilikuwa zamu ya Lukresia kuongoza. Alienda vizuri mpaka pale penye kutaja saa ya kufa. Hapo sauti ikakwama. Akakohoa, akaanza tena, ikakwama tena. Mama Getruda alimshika goti. "Umechoka, mwanangu. Niachie mimi." Akaongoza yeye, na kila alipofika mahali pale alipataja kwa sauti ile ile tulivu, kama mtu anayetaja jirani yake. Lukresia alihesabu: mara hamsini na tatu.

Wiki ile hakuandika hata mstari. Alifungua kompyuta, akaona kurasa zake nne, na juu ya kila moja akaona jina alilolitaja ofisini. Muda aliouiba haukutaka kutumika.

Jumatano Mama Getruda akaanza kukohoa.

Kilikuwa kikohozi cha baridi tu. Nusu ya Mshangano ilikuwa ikikohoa. Lakini Lukresia alikisikia kwa namna nyingine. Alichemsha majani ya mkaratusi, akamfunika bibi shuka, akamfukiza. Alimvalisha soksi za Otto. Alimpikia uji wa ulezi mara tatu kwa siku, na kila alipotoka chumbani alirudi kutazama kama kifua kinapanda na kushuka.

"Mbona unanitazama kama mayai yanayoatamiwa?" bibi aliuliza.

"Nakuangalia tu, mama."

"Sijafa. Nikifa utajua, nitakuwa nimeacha kukuuliza chumvi iko wapi."

Lukresia alitoka nje, akaenda nyuma ya banda la kuku, akapiga magoti kwenye majani yenye umande. "Bwana," alisema, "usilichukue neno langu. Nilisema mimi, halikuwa lako." Hakuthubutu kuomba msamaha. Alijua kwamba anayeomba msamaha sharti arudishe alichochukua, na yeye alikuwa bado anakishikilia.

Alhamisi mchana, wakati wa mapumziko ya shule, simu iliita. Alikuwa Bashiru, kiongozi wa darasa lao la jioni, mtu wa Nakapanya, mchekeshaji wa darasa. Leo hakuwa na mzaha.

"Mwalimu, pole sana. Bi Zabibu ametuambia. Mbona umekaa kimya peke yako hivyo? Sisi si watu?"

"Ilikuwa ghafla, Bashiru."

"Msiba huwa ghafla. Sasa sikiliza, darasa limechanga. Kila mtu. Hata Twaha, ametoa hela aliyoiweka ya kuchapishia pendekezo lake. Nikamwambia acha bwana, akasema mwalimu Lukresia ndiye alinigawia maandazi muhula wa kwanza nilipokuwa nakaa na njaa. Tunakuja kukuhani Jumamosi."

Lukresia aliegemea ukuta wa darasa. Hili hakuwa amelifikiria. Alifikiria tarehe, alifikiria mazishi, alifikiria Mbinga kwa kuwa ni mbali. Lakini alisahau jambo ambalo hata mtoto mdogo wa kwao analijua: kwamba ukitangaza msiba, watu watakuja. Watauliza njia, watachelewa, watakosea nyumba, lakini watakuja.

"Msije," alisema. "Bado niko Mbinga. Sijui nitarudi lini."

"Ahaa. Basi, Mungu akipenda."

Kabla hajakata simu, nyuma yake kengele ya shule ikagongwa. Watoto wa Mshangano wakapiga kelele wakikimbilia darasani. Alikata, akaomba Mungu Bashiru awe hajazisikia, kisha akaona aibu kwa kumwomba Mungu jambo kama hilo.

Jumamosi ukungu ulipungua mapema. Kufika saa nne jua lilikuwa limetoka, jembamba, la kuonea huruma. Kikohozi cha Mama Getruda kilikuwa kimepoa. Alitaka kukaa nje, akatandikiwa mkeka uani, akawekewa ungo na mahindi ya mwanzo, akawa anapukuchua huku Rozari ikiwa shingoni. Lukresia alikuwa jikoni akichambua kisamvu. Alijisikia nafuu kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alifikiri: wiki ijayo nitaandika. Alifikiri: mambo husahaulika.

Ndipo bajaji mbili zikasimama barabarani, na kilio kikapanda.

"Uuuwi! Mama yetu jamani! Mama ametuachaaa!"

Ilikuwa sauti ya Leticia, mwanafunzi mwenzake, mwenye sauti ya kwaya. Alikuja mbele, khanga kiunoni, mkono kichwani, kama inavyompasa mwanamke anayeingia kwenye nyumba ya msiba. Nyuma yake alikuja Bi Zabibu, kisha Bashiru aliyebeba mfuko wa mchele begani, na mwishoni Twaha, na katoni ya sukari mikononi.

Mama Getruda aliacha kupukuchua. "Kuna nini huko?" aliuliza. "Nani amefariki?"

Leticia alimpita akilia, akaingia barazani kutafuta wafiwa. Bi Zabibu alisimama mbele ya mkeka, akainama. "Shikamoo mama. Poleni sana."

"Marahaba mwanangu. Tumeshapoa. Ila umesema pole ya nini?"

Otto alitoka karakanani, vumbi la mbao kwenye nyusi. Bashiru alimshika mkono kwa mikono miwili. "Pole sana, kaka."

"Asante," alisema Otto, akidhani ni pole ya kazi. "Ndiyo maisha. Tutafanyaje? Leo nilianza na mlango huu saa kumi na mbili."

Bashiru alimtazama, akamtazama Bi Zabibu.

Jikoni, Lukresia alikuwa amesimama na kisu mkononi. Alisikia kila neno. Kulikuwa na mlango wa nyuma, na nje ya mlango kulikuwa na shamba la mahindi refu kuliko yeye, na kwa kitambo kidogo mwanamke yule wa miaka arobaini na saba, mwalimu, mama wa watoto watatu, alifikiria kukimbilia humo. Akaweka kisu. Akatoka mpaka kizingitini, na miguu ikagoma kwenda mbele.

"Tumekuja kumpa pole Mwalimu Lukresia," Bi Zabibu alikuwa akisema, "kwa kuondokewa na mama mkwe wake. Leticia alimwona sokoni jana, tukajua amesharudi kutoka Mbinga. Mama mzazi wa mumewe, marehemu Getruda."

Leticia aliacha kulia, kwa sababu barazani hakukuta mtu.

Mama Getruda aligeuza kichwa polepole. Macho yake, yaliyoona mbali kuliko karibu, yalimfikia Lukresia pale kizingitini. Alimtazama kwa muda wa kutosha mtu kusali Salamu Maria moja. Kisha akaweka gunzi chini, akapangusa mikono.

"Ndiyo," alisema. "Getruda. Alikuwa mdogo wangu."

"Mama..." Otto alianza.

"Nyamaza wewe. Alikuwa mdogo wangu, wa Mbinga. Kwa Otto ni mama pia. Mama mdogo si mama?"

"Ni mama kabisa," Bashiru alisema haraka, kama mtu aliyetupiwa kamba mtoni. "Kwetu Nakapanya hakuna hata mama mdogo, wote ni mama tu."

Bi Zabibu alikuwa amefungua mkoba, ameshika karatasi. Hakuwa na ubaya. Alitaka tu kuelewa. "Naye alikuwa anaitwa Getruda Komba? Na wewe, mama, samahani, nikuite nani?"

Bibi alimeza mate. Vidole vyake vilipanda shingoni vikashika msalaba wa Rozari. "Na mimi Getruda," alisema. "Tulikuwa... tulikuwa tunaitwa wote hivyo. Padre wa zamani alibatiza bila kuuliza. Alikuwa Mjerumani. Hakusikia vizuri."

Hapo vidole vyake vilianza kuusokota msalaba. Miaka sabini na nane hakuwa amezoea kazi ile, na ilionekana kwamba haijui. Alikuwa akijenga nyumba ya uongo kwa mikono ya mtu asiyewahi kushika tofali, mbele ya wageni, akiwa ameshika msalaba, ili kumsitiri mwanamke aliyemzika yeye akiwa hai.

Lukresia aliona vidole vile vikiusokota msalaba, na miguu yake ikafunguka.

"Mama, acha," alisema. Alikuja mpaka kwenye mkeka akapiga magoti kwenye mahindi. "Acha, usiseme tena. Hakuna mdogo wako. Bi Zabibu, hakuna aliyekufa. Getruda Komba ndiye huyu. Nilikudanganya. Nilimuua kwenye karatasi nipate wiki nne."

Twaha aliweka katoni ya sukari chini, taratibu, kama aliyeogopa kuivunja.

"Kwa nini?" Bi Zabibu aliuliza mwishowe. Hakuuliza kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.

"Kwa sababu sijui kuandika Kiingereza, dada. Najua cha kujibia mtihani. Kuandika kitabu sijui. Nimefika shahada ya uzamili na sijui, nikaona aibu kusema. Na mama alivunjika mguu mwezi wa pili, nimekuwa namuuguza, nimechoka, na hilo pia niliona aibu kulisema, kwa kuwa nani asiyechoka? Nikaona msiba ni heshima, kuchoka ni uvivu."

Bi Zabibu alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya ushungi. "Kumuuguza mzazi nyumbani," alisema, "ningekupa wiki sita. Nina wanafunzi wanane wenye wagonjwa nyumbani, wote nimewapa. Ile mistari mitatu, mwalimu, niliiweka mimi mwenyewe kwenye fomu. Niliigombania kikaoni. Walitaka visanduku vitatu tu."

Lukresia alikosa mahali pa kuweka uso.

"Na mimi nimekuja kukulilia," Leticia alisema kutoka barazani. Sauti ya kwaya ilikuwa imekauka. "Nimelia mpaka bajaji imegeuka kutazama."

Mama Getruda alikuwa akiokota punje za mahindi zilizomwagika, moja moja, akizirudisha kwenye ungo.

"Mwezi wa pili," alisema bila kuinua macho, "uliponiogesha mara ya kwanza, mimi nikiwa siwezi hata kujifunika, nilijisemea moyoni: huyu si mkwe, huyu ni binti niliyemzaa. Nikakuachia uchi wangu bila haya. Kumbe ulikuwa unajifunza kuosha maiti."

"Mama, hapana. Mama..."

"Ngoja nimalize. Kufa sikuogopi, nakutaja kila jioni. Lakini msiba ni wangu, Lukresia. Mtu hana vingi katika dunia hii. Nyumba ni ya Otto, shamba ni la ukoo, ng'ombe sina. Nilikuwa na huo msiba wangu tu. Watu waje, walie, wale, waseme alikuwa mtu. Umeula kabla yangu. Sasa siku nikifa kweli, ukawapigia hawa simu, nani atakuja? Watasema, aah, yule ameshakufa mara moja."

Lukresia aliinamisha paji la uso mpaka kwenye mahindi. Hakulia. Kilio kilikuwa kimeshatumika Jumatatu, mahali pasipo pake.

Otto alisogea. Wote walidhani atasema neno, lakini aliinama tu akachukua gongo la mama yake lililoanguka, akaliegemeza tena ukutani, akabaki amesimama karibu na mkewe, mguu wake ukigusa bega lake. Kwa Otto hayo yalikuwa maneno mengi.

Bashiru alikohoa. Mfuko wa mchele ulikuwa bado begani, na ulikuwa wa kilo ishirini. "Samahani, wazee wangu. Hii bahasha ya mchango tutaigawa tena, kila mtu achukue chake, Twaha akachapishe kazi yake. Ila mchele huu... kwetu kitu cha msiba kikishavuka mlango hakirudi. Ni mkosi. Nami nina mke Nakapanya, sitaki mkosi."

"Hata kwetu haurudi," alisema Mama Getruda.

"Sasa tufanyeje?"

Bibi alimtazama, kisha akautazama mfuko. Kitu fulani kilipita usoni mwake. Hakikuwa kicheko, lakini kilikuwa kimepitia njia ya kicheko. "Upikwe," alisema. "Mlikuja kula msiba wangu, na mimi niko hapa. Acheni nami niuonje, nione mliniwekea mchele gani."

"Wa Kyela, mama," alisema Bashiru. "Hatukukudharau."

"Afadhali. Teremsha, utavunjika shingo nife tena kwa huzuni."

Leticia aliguna, na kuguna kukageuka kicheko alichojaribu kukificha kwa khanga. Wakati huo majirani walikuwa wameshaanza kuingia, maana kilio kikishapanda Mshangano hakimwachi mtu nyumbani. Mama Aidan wa nyumba ya pili alitangulia, khanga kichwani, mikono ina unga. "Jamani, nani amefariki?"

"Ni mimi," alisema Mama Getruda. "Karibu, kaa. Chakula kinapikwa."

Mama Aidan aliinua mikono kichwani, akabaki hivyo.

Walipokuwa wameenea uani, wageni na majirani, watu kumi na wawili au zaidi, Bi Zabibu alisimama. "Kabla hatujala," alisema, "mimi ni mtumishi wa watu, siwezi kuifuta fomu kwa huruma. Zile wiki nne zimekwisha leo. Jumatatu kuna kikao. Wakisema uondolewe, sitaweza kukukinga. Wakiniuliza, nitasema nilichokiona: uongo, na mguu wa mama pia. Lakini la kwanza liseme wewe mwenyewe, mwalimu. Siyo mimi."

"Na kwangu je?" aliuliza Mama Getruda. "Kikao changu ni hiki hapa."

Watu walimgeukia Lukresia. Alikuwa bado amepiga magoti, punje mbili za mahindi zimemganda kwenye paji la uso. Alijua kwamba angeweza kuomba radhi, na wangemsamehe, wakala, wakaondoka, na jambo lingebaki kama kidonda kilichofunikwa kitambaa safi. Alikumbuka nyuma ya banda la kuku, sala aliyoshindwa kuimaliza. Anayeomba msamaha sharti arudishe.

Akainuka. Otto alimpa mkono, akauachia alipokuwa amesimama wima. Alinyoosha mkono wake wa kulia juu, kama watoto wa darasa la tano wanavyonyoosha wasipoelewa, na sauti yake, iliyokwama wiki nzima, ikatoka.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote mnaonisikia. Jumatatu saa mbili nitakuwa mlangoni kwa Bi Zabibu. Nitachukua fomu mpya, nitaweka alama penye 'nyingine', na ile mistari mitatu nitaijaza kweli tupu. Wakinifukuza nitatoka bila kunung'unika. Wakiniacha, Jumanne nitakaa na mwalimu wa Kiingereza nianze na sentensi ya kwanza. Jioni nitasimama mbele ya darasa zima niwaambie nilichofanya, Twaha akiwepo. Na wewe mama, siku Mungu atakapokuita, sitampigia mtu simu. Nitakuja kwa miguu, mlango kwa mlango, kwa kila mmoja aliyepo hapa leo, nitapiga magoti nimwambie kwamba sasa ni kweli. Na nitaishi tangu leo kwa namna ambayo, siku hiyo, mtaniamini."